Adui mwombee njaa: Kwa nini kala-azar humshinda mtoto asiyekula

NARIOKOTOME ni jina linalotajwa katika vitabu vya shule duniani kote kwa sababu ya mifupa. Mwaka 1984, kando ya mto wa msimu unaoelekea Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kikiwa kimelala juu ya changarawe. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa karibu yote ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Tangu siku hiyo wataalamu kutoka kila pembe ya dunia wamefanya safari ndefu kwenda huko kumtafiti mtoto huyo aliyekufa zamani.

Makala haya yanahusu watoto walio hai wa nchi hiyo hiyo kavu, kuanzia ufuko wa ziwa hadi Lodwar na Kakuma. Yanahusu pia swali ambalo limewasumbua matabibu kwa miaka mingi: inakuwaje watoto wawili wa boma moja, walioumwa na wadudu wale wale, mmoja apate kala-azar na kukaribia kaburi, ilhali mwenzake hapati hata homa?

Sehemu ya jibu imepatikana mbali na Turkana, ndani ya kiungo kisichozidi punje ya mchele. Kiungo hicho ni tezi ya limfu ya panya wa maabara.

Ugonjwa wenyewe

Kala-azar husababishwa na kimelea kiitwacho Leishmania donovani. Jina hilo linatokana na madaktari wawili, William Leishman na Charles Donovan, ambao mwaka 1903, kila mmoja kwa wakati wake, walitangaza kuwa wamekiona kimelea hicho. Mgonjwa hupata homa ya muda mrefu isiyosikia dawa za malaria. Hukonda, huishiwa damu, na bandama yake huvimba hadi tumbo likatokeza. Asipotibiwa, kifo ni karibu yakini. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wasiopata matibabu hufa.

Huku kwetu ugonjwa huu si mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, askari wa King's African Rifles waliopiga kambi kaskazini mwa ziwa, ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, waliugua kala-azar. Baadaye ugonjwa ulijulikana pia Kitui, Baringo, Pokot Magharibi na kwingineko. Kati ya Mei 2000 na Agosti 2001, wagonjwa 904 waligunduliwa katika maeneo ya kaskazini mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mashariki mwa Ethiopia, ambako hapo awali kala-azar haikuwa ikijulikana.

Anayeusambaza ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye huruka bila kelele. Nchini Kenya aina inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo hupenda kukaa ndani ya vichuguu, yaani vilima vya mchwa, ambamo hupata ubaridi na unyevu mchana kutwa. Jioni hutoka kutafuta damu. Mchungaji anayepumzika kwenye kichuguu jua likizama, au mtoto anayelala nje karibu nacho, huwa amejiweka njiani.

Tezi ni kituo cha ukaguzi

Usubi anapouma huingiza vimelea kwenye ngozi. Humo hukutana na seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Kwa kawaida kijidudu kikimezwa huwa kimekwisha. Leishmania ni tofauti, kwa kuwa huweza kuishi ndani ya seli iliyommeza na hata kuzaana humo. Mlinzi hugeuka kuwa nyumba ya mwizi.

Kutoka kwenye ngozi, maji ya mwili yaitwayo limfu hupita katika mishipa myembamba na kufika kwenye tezi. Tezi hizo ziko kinenani, kwapani, shingoni, nyuma ya goti na mahali pengine pengi mwilini. Watu wetu wanazijua vizuri zinapovimba, na zile za kinenani huitwa mitoki. Mfugaji naye huzijua kwa mkono. Akitaka kujua kama mnyama wake ana maradhi, hupapasa chini ya sikio na mbele ya bega.

Kazi ya tezi ni mbili. Ya kwanza ni kuchuja. Limfu hupita polepole katikati ya seli nyingi zilizosongamana, na kijidudu kinachosafiri nayo hunaswa. Ya pili ni kufundisha. Seli zinazotoka kwenye ngozi huja na vipande vya kijidudu na kuvionyesha kwa seli nyingine zinazoitwa limfosaiti. Zile zinazokitambua huzaana kwa wingi, kisha hutoka kwenda vitani. Ndiyo sababu tezi huvimba. Uvimbe huo mara nyingi ni dalili ya jeshi linaloandikisha askari.

Kwa hiyo tezi ni mfano wa kituo cha ukaguzi barabarani. Kimelea kikizuiliwa hapo, mwili hupata muda wa kujiandaa. Kikipita, safari yake huishia kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa, na hapo ndipo kala-azar kamili huanza.

Kwa nini wanyama wa maabara

Mtu anaweza kuuliza kwa nini haya yasichunguzwe kwa wagonjwa wenyewe. Jibu ni kwamba mgonjwa hufika hospitalini wiki au miezi mingi baada ya kuumwa na usubi. Hakuna daktari awezaye kujua kilichotokea katika tezi yake siku ya tatu. Ndani ya maabara, siku ya kwanza hujulikana, idadi ya vimelea hujulikana, na hata chakula alichokula mnyama hupimwa kwa gramu.

Utafiti wa kala-azar una historia ya pekee katika jambo hili. Mwaka 1930, mtaalamu wa vimelea Saul Adler, aliyekuwa Jerusalem, alihitaji mnyama mdogo ambaye angeugua ugonjwa huu kama binadamu. Mwenzake Israel Aharoni alisafiri hadi karibu na Aleppo nchini Syria, na huko akapata mama mmoja wa hamsta, mnyama wa jamii ya panya mwenye mkia mfupi, pamoja na watoto wake. Kizazi kikubwa cha hamsta waliojaa maabara za dunia, pamoja na wale wanaofugwa majumbani Ulaya na Marekani kama wanyama wa kuchezea watoto, kimetokana na familia hiyo moja.

Hamsta akiambukizwa Leishmania donovani hukonda, bandama yake huvimba, na hatimaye hufa, kama mgonjwa wa binadamu. Seli zilizojaa vimelea hujazana katika bandama na tezi zake, zikasonga mahali palipokuwa pa limfosaiti. Panya wa kawaida wa maabara ni wagumu zaidi. Wengi wao huugua kwa muda, kisha ini lao hujisafisha, ingawa vimelea huendelea kujificha kwenye bandama. Kenya nayo ina mchango wake, kwani tumbili wametumika katika utafiti wa vimelea vya Leishmania katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi.

Hivyo kila mnyama hujibu swali lake. Hamsta huonyesha jinsi mwili unavyoshindwa, na panya huonyesha jinsi unavyoweza kushinda. Ikabaki kujua ni kitu gani humtoa kiumbe upande wa washindi na kumtia upande wa walioshindwa.

Panya wenye njaa

Mwaka 2001, Gregory Anstead, Peter Melby na wenzao wa San Antonio, Texas, walichapisha utafiti uliogusa swali hilo moja kwa moja. Waliwagawa panya katika makundi. Kundi moja lilipewa chakula kamili, chenye protini asilimia 17, madini ya chuma na zinki ya kutosha, na ruhusa ya kula hadi kushiba. Mengine yalipewa chakula chenye upungufu. Katika kundi lililochunguzwa kwa undani, protini ilikuwa asilimia 3 tu, zinki na chuma vilipunguzwa, na hata nguvu itokanayo na chakula ilipunguzwa. Kisha panya hao waliingizwa vimelea vya Leishmania donovani kwenye unyayo.

Baada ya siku tatu watafiti walihesabu vimelea. Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba, kwa jumla, idadi ilikuwa sawa. Ngozi za panya wenye njaa hazikuwa na vimelea vingi kuliko za walioshiba, na vimelea vilivyokwisha kutoka kwenye ngozi pia vililingana. Kwa maneno mengine, njaa haikuwa imewaongezea adui.

Tofauti ilikuwa mahali adui alipofika. Kati ya vimelea vyote vilivyotoka kwenye ngozi, asilimia 39.8 vilikuwa tayari vimeingia kwenye bandama na ini la panya wenye njaa. Kwa panya walioshiba ilikuwa asilimia 4 tu. Vilivyobaki vilikuwa vimenaswa ndani ya tezi.

Msomaji atazame vizuri jambo hili, maana linakwenda kinyume na tunavyofikiri. Tezi za panya walioshiba ndizo zilizokuwa na vimelea vingi zaidi. Mtu angezitazama peke yake angedhani kuwa wao ndio wagonjwa. Lakini wingi ule ulikuwa ni wa mahabusu waliokamatwa kituoni. Tezi za wenye njaa zilikuwa nyepesi, zenye seli chache, na vimelea vichache ndani yake, kwa sababu vilikuwa vimepita na kwenda zake. Watafiti waliliita jambo hilo kushindwa kwa kizuizi cha tezi.

Waliona pia kuwa seli za tezi hizo dhaifu zilitoa kwa wingi kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini. Miaka mingi baadaye, mwaka 2023, utafiti mwingine wa panya ulionyesha kuwa kemikali hiyo huzifanya seli zilizobeba vimelea zihame kwa wingi kutoka kwenye ngozi. Kwa hiyo njaa hufanya mabaya mawili kwa pamoja: huongeza wasafiri njiani na kuwapunguza askari wa kituoni.

Ukame huondoa nini

Ukiwa Nairobi au Dar es Salaam unaweza kuyasoma matokeo hayo kama habari ya panya. Ukiwa Turkana yana sura nyingine. Protini, chuma na zinki ndivyo vitu vilivyoondolewa kwenye sahani ya panya wale. Ndivyo vitu hivyo hivyo ambavyo Mturkana hupata kutoka kwa mifugo yake, katika maziwa ya ngamia na mbuzi, katika nyama, na katika damu ambayo kwa desturi huchanganywa na maziwa. Ukame unapoua mifugo, huviondoa vyote kwa mkupuo mmoja. Kinachobaki, mara nyingi, ni unga wa mahindi wa msaada. Unga huo hujaza tumbo, lakini kwa protini, chuma na zinki hauwezi kuziba pengo la maziwa na nyama.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mizoga ya mifugo ilitapakaa nyikani. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, mgawo wa chakula wa wakimbizi wa Kakuma ulikatwa. Mambo haya huzungumzwa kama habari za njaa. Kwa macho ya tezi ya limfu, ni habari za maradhi pia.

Ushahidi kutoka kwa binadamu unaelekea upande huo huo. Utafiti uliofanywa nchini Brazili na kuchapishwa 1987 ulionyesha kuwa watoto wenye utapiamlo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kala-azar kali kuliko wenzao walioishi mahali pamoja nao. Karibu nasi zaidi, katika eneo la Western Upper Nile ambalo leo limo ndani ya Sudan Kusini, vita, njaa na kala-azar vilikutana kuanzia mwaka 1984. Katika muda wa miaka 10, inakadiriwa kuwa watu 100,000 walikufa kwa ugonjwa huo katika eneo lililokuwa na watu wapatao 280,000. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita hivyo vya Sudan.

Ni haki pia kutaja mipaka ya utafiti wa panya. Panya wale waliambukizwa kwa sindano, na sindano haina mate ya usubi, ambayo yenyewe hubadilisha mambo kwenye ngozi. Njaa ya maabara hudumu wiki chache na ina vipimo kamili. Njaa ya nyikani huja pamoja na malaria, minyoo, kuhara na kutembea mwendo mrefu. Aidha, wapo watu walioshiba ambao hupata kala-azar, na virusi vya Ukimwi huvunja kinga hata kwa mtu mnene. Panya hakutupatia hukumu ya mwisho. Alichotuonyesha ni mahali ufa ulipo.

Kutoka maabara hadi kitandani

Elimu hii ina matumizi. La kwanza linahusu kupapasa. Katika Afrika Mashariki, hasa Sudan na Sudan Kusini, wagonjwa wengi wa kala-azar huvimba tezi, na daktari anaweza kuchoma tezi kwa sindano na kutazama majimaji yake kwa darubini. Njia hiyo ni salama kuliko kuchoma bandama, ambayo inaweza kuvuja damu ndani ya tumbo. Lakini tezi humkosa mgonjwa mara nyingi zaidi kuliko bandama. Kisa cha panya kinatukumbusha kuwa, kwa mtoto aliyedhoofu kwa njaa, ukosefu wa tezi zilizovimba si cheti cha uzima. Siku hizi kipimo cha haraka cha tone la damu, kiitwacho rK39, kimerahisisha uchunguzi katika vituo vidogo, ingawa si kila kituo huwa nacho.

La pili linahusu mahali pa kuwatafuta wagonjwa. Mtoto anayeletwa kwenye kituo cha lishe kwa kukonda ndiye yule yule ambaye kizuizi cha tezi zake huenda kimebomoka. Misheni ya Kikatoliki ya Nariokotome kwa miaka mingi imekuwa ikiendesha vituo vya lishe kwa watoto wadogo wa eneo hilo, na wafanyakazi wa afya wa kaunti nao hupima mikono ya watoto kwa utepe kijijini. Akionekana pale mtoto mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili na tumbo lililotokeza upande wa kushoto, haitoshi kumpa uji na dawa ya malaria peke yake. Apelekwe kupimwa kala-azar, iwe Lodwar, Kakuma au penginepo kipimo kinapopatikana. Na aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na kala-azar asitibiwe kwa dawa tu, bali alishwe.

Habari njema ni kwamba tiba imeboreka. Zamani mgonjwa alichomwa sindano za dawa ya antimoni kwa siku 30. Kuanzia mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Afrika Mashariki mchanganyiko wa dawa hiyo na paromomycin, kwa siku 17. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, ikiwamo hospitali ya Kacheliba huko Pokot Magharibi. Yalionyesha kuwa vidonge vya miltefosine pamoja na sindano za paromomycin, kwa siku 14, hutibu vizuri kama mchanganyiko wa siku 17, bila antimoni ambayo inaweza kudhuru moyo. Hata hivyo, hadi sasa hakuna chanjo ya kala-azar iliyoidhinishwa kwa binadamu.

La tatu linahusu bajeti. Katika ofisi nyingi chakula huandikwa katika daftari la misaada, na dawa katika daftari la afya. Fedha zikipungua, la kwanza hukatwa kana kwamba la pili halitaguswa. Panya wa San Antonio wanasema vingine. Kwao tofauti kati ya asilimia 4 na asilimia 40 haikuletwa na dawa wala chandarua. Ililetwa na sahani ya chakula.

Wazee wetu walikuwa na msemo mkali: adui yako mwombee njaa. Hawakuwa na darubini, lakini walijua kuwa mwenye njaa hawezi kulinda mlango wake. Mtoto wa Turkana si adui wa mtu yeyote. Usubi wa kwenye kichuguu hatuwezi kumwondoa kesho, na mvua hatuwezi kuiamuru inyeshe. Kumlisha mtoto kabla usubi hajamfikia ni jambo lililo katika uwezo wetu, nasi tunajua sasa kuwa kikombe cha maziwa kinachomfikia kwa wakati huimarisha pia ukuta ulio ndani ya kinena chake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.